Bei ya Siku Ile

Asembo Bay,
14 Januari 2024

Nyaminwa Perez, dada yangu,

Leo shilingi moja yetu inanunua ishirini na tatu za kwenu na chenji. Lorine wa Kisumu, yule niliyemfundisha kazi ya kaunta ya kubadilisha pesa kabla sijastaafu, bado hunitumia bei kila asubuhi kwenye simu ya mke wangu Caren, nami huisoma kabla ya chai. Imeanguka vibaya. Mwaka juzi tulikuwa tunapata thelathini na zaidi. Haya, furahini nyinyi watu wa Uganda, zamu yenu imefika. Ila usisahau kwamba tulipokuwa watoto shilingi ilikuwa shilingi, huku na huko, moja kwa moja. Baba alivuka Busia akanunua baiskeli bila kumuuliza mtu hesabu.

Barua yako ilifika ndani ya gunia la omena, hawa dagaa wetu wa ziwani, maana Wechuli na lori lake haoni tofauti ya barua na mzigo. Caren aliianika uani kwanza ndipo akanipa. Watu hapa wananicheka eti mzee mzima anaandika barua mwaka huu. Nimewaambia simu itatusaidia nini? Mimi masikio yameniacha, na dada yangu koo linamsumbua. Mmoja hasikii, mwingine hatoi sauti. Tumebaki na kalamu.

Sasa neno lako. Unataka niwaandikie wazee wa ukoo wa marehemu Oketch kwamba mahari yako ilipokelewa. Perez, kilipokelewa nini? Sanduku la bati la Baba liko hapa juu ya kabati, limejaa noti za Uganda ambazo hazinunui hata kiberiti. Hata panya wangezionja wangeziacha. Baba alikufa akisema binti yake hakuolewa, alichukuliwa. Mimi ni nani nibishane na mtu aliye kaburini?

Na kwa nini unauliza sasa? Rudi nyumbani. Oketch amekufa, huu mwaka wa nne. Walter ni mtu mzima, anachomelea watu mageti huko Tororo na ana mke. Nani anakushika? Nyumba ndogo ya Mama nimeipiga plasta, nimetia na mlango mpya. Na siku yako ikifika, mbali huko mbele, kuna nafasi kando ya Mama. Nimepafyeka mwenyewe kwa mikono hii.

Nasubiri jibu, si maswali.

Kaka yako,
Ondiek


Nagongera,
28 Januari 2024

Owadwa Ondiek, kaka yangu,

Ni wewe tu duniani unayeweza kumsalimia dada yako kwa bei ya pesa. Wengine huuliza, umeamkaje? Haya, nimeamka. Koo ni koo tu, daktari wa Tororo amenipa dawa ya maji, inanukia karafuu. Usiniulize zaidi, hakuna zaidi.

Umenikumbusha baiskeli ya Baba nikacheka mpaka nikakohoa. Ile ile uliyoanguka nayo kwenye mtaro ukasema mbuzi amekusukuma.

Lakini ndugu yangu, kuhusu lile sanduku usiongee kana kwamba hukuwepo. Ulikuwepo. Ilikuwa Jumamosi, Machi ya 1987. Oketch na kaka zake walikuja na begi la turubai. Mwaka ule wa vita ng'ombe hawakuweza kuvushwa mpakani, kwa hiyo waliwauza kwao wakaja na pesa. Na wewe ndiye uliyekuwa ukibadilisha pesa pale Busia. Ulizihesabu mbele yetu, mate yakakukauka vidoleni. Kisha ukamwambia Baba, "Nipe Jumatatu nikazibadilishe, hizi pesa hazikai." Nilikuwa nyuma ya mlango na sinia la chai. Nilisikia.

Baba akakwambia nini? "Pesa ya binti haiguswi kabla ndugu wa mama yake hajaiona." Basi tukamngoja mjomba Odongo atoke Sondu. Mjomba alikuwa na mtoto mgonjwa, mtoto akafa, akakaa matanga. Alipofika kwetu ilikuwa Juni. Na Mei serikali ya huku ilikuwa imeshabadilisha noti, za zamani hazipokelewi tena. Baba akafungua begi mbele ya mjomba, na mle ndani hamkuwa na ng'ombe hata mmoja. Akazifungia noti zile kwenye sanduku lake.

Nani alikosa hapo? Oketch alilipa. Baba alishika mila. Mjomba alikuwa anazika mtoto wake. Nimeliwaza jambo hili miaka yote hii na sijapata wa kumlaumu. Lakini nimeitwa "aliyechukuliwa" na baba yangu mwenyewe mpaka akafa, na hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Na usinidanganye na nafasi ya kando ya Mama. Unajua vizuri binti anayerudi bila kuolewa huzikwa wapi. Nje ya ua, kwenye majani, kama msichana ambaye hakuna aliyemtaka. Wewe utasema ndani, wazee watasema nje, na mimi nitakuwa nimelala palepale nikiwasikiliza mkigombana. Sitaki. Kando ya Oketch kuna nafasi yangu, niliiacha mwenyewe siku tulipomzika, siku ambayo wewe hukuja. Ila wazee wa huku wanaogopa. Wanasema bila neno la kwetu, watu wa Asembo wanaweza kuja kumdai maiti, nao hawataki kesi juu ya jeneza.

Waliokuwepo siku ile wote wamekwenda. Umebaki wewe. Ni wewe peke yako unayejua begi lile lilikuwa na thamani gani siku ile. Andika hilo tu. Sikuombi kitu kingine.

Dada yako mwenye kelele,
Perez


Asembo Bay,
17 Februari 2024

Perez,

Ishirini na sita na kitu. Shilingi yetu inaamka. Niliwaambia hapa kwamba itaamka, wakanibishia.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila mara imenikasirisha mahali papya. Unaniambia sikuja kumzika Oketch. Ningekuja kama nani? Shemeji wa mahari gani? Ningekaa kiti kipi?

Mimi nilishika pesa za watu maisha yangu yote na najua jambo moja: noti ambayo haipokelewi si pesa. Kama wanao wanataka neno langu, walete ng'ombe wanne, wenye pembe na kwato, nitawaandikia siku hiyohiyo. Siku hizi njia iko wazi, hakuna vita. Walter hawezi ng'ombe wanne? Afadhali useme wazi kwamba unatafuta njia ya kuwapunguzia watoto mzigo.

Na nikuulize, kwa nini mtu mzima anayekunywa dawa ya karafuu anaongea habari za makaburi barua nzima? Njoo nyumbani ule samaki. Nimenunua kitanda na godoro nene. Caren amevipanga katika nyumba ya Mama, ameweka na pazia la njano kwa sababu alisema wewe ulipenda njano. Jioni mimi huenda kukaa kwenye ngazi ya ile nyumba peke yangu. Kuko kimya mno, hata kwangu mimi nisiyesikia.

Ondiek


Tororo,
2 Machi 2024

Kwako Nera Ondiek,

Shikamoo mjomba. Ni mimi Walter, mtoto wa Perez. Sijawahi kukuandikia, naomba unisamehe kama Kiswahili changu kimechanganyika, huku tunaongea vingine.

Mama hajui kwamba naandika. Mjomba, koo la Mama si koo la kawaida. Ni saratani. Tulijua tangu Septemba. Alituapisha tusikwambie, alisema, "Ondiek akijua ataninunulia neno hilo kwa huruma, na mimi nataka aliseme kwa sababu ni kweli." Sasa sauti imekwisha kabisa. Anakunywa uji vijiko vichache tu. Daktari amesema tumpeleke nyumbani akae na watu wake, na wewe unaelewa maana yake.

Kuhusu ng'ombe. Niko tayari kuuza mashine yangu ya kuchomelea, niliwaambia na ndugu zangu wakakubali. Mama alikataa. Aliandika kwenye kile kibao anachotumia kuongea na sisi: "Baba yenu hakudaiwa. Mkilipa tena, mmesema alidaiwa." Akalia, mjomba. Sijawahi kumwona akilia namna hiyo, hata Baba alipokufa.

Barua zako anaziweka chini ya mto. Ile ya mwisho aliisoma, akaandika kibaoni, "Amenunua pazia la njano." Halafu akageukia ukutani.

Naomba umsaidie.

Mpwa wako,
Walter


Asembo Bay,
16 Machi 2024

Nyaminwa,

Inakaribia ishirini na tisa. Nakutajia kwa mazoea tu, wala sijui kama inakufaa kitu.

Nimepata habari kutoka kwa mtu, na usimgombeze. Ungeniambia. Mimi nimekuandikia habari za ng'ombe na kwato, na wewe umelala hivyo. Nilikwenda ufukweni asubuhi ile, wanawake wakaniuliza kama nimefiwa. Perez, wewe ndiye niliyekubeba mgongoni kuvuka mto wakati wa mvua. Nitazungumza na nani mambo ya nyumba hii wewe usipokuwepo? Nani mwingine anajua habari ya yule mbuzi?

Sasa sikiliza. Nitafanya unalotaka, na nitalifanya sawasawa ili pasiwepo mtu wa kulipinga kesho. Nimeteremsha lile sanduku. Sijalifungua. Nimepeleka habari Sondu, kwa mtoto wa mjomba Odongo, maana wao ndio watu wa Mama, na sanduku la mahari halifunguliwi bila wao. Wakishafika, nitawaita na wazee wa hapa, tutalifungua mchana watu wakiona, nami nitasema ninalolijua mbele ya wote, liandikwe, watie sahihi. Hapo hata mtu akifufuka kutoka kaburini hana la kusema.

Neno lenyewe silisemi hapa. Neno kama hilo halisemwi kwenye karatasi inayonuka omena. Acha nilisimamie kwa miguu yangu, nimevaa koti.

Sondu walisema wiki ijayo. Sasa wamesema mvua imeharibu barabara yao, basi ni baada ya Pasaka. Siku si nyingi. Kula uji. Ukishindwa kijiko, kunywa kwa mrija, Caren anasema wagonjwa wengi hufanya hivyo. Ningekuja leo, lakini nikiondoka na watu wa Sondu wakafika wasinikute, tutaanza upya.

Ningoje.

Kaka yako,
Ondiek


Nagongera,
24 Machi 2024

Owadwa,

Mkono hautaki. Naandika kidogo.

Koti la nini? Nilishakuona bila viatu.

Usiwangoje Sondu. Tuliwangoja mara ya kwanza.

Niandikie bei ya siku ile. Hapo kwenye karatasi ya omena. Inanitosha.

P.


Nagongera,
2 Aprili 2024

Nera Ondiek,

Najua Mama Caren ameshakwambia, maana nilimpigia jana. Lakini wazee wa ukoo wanataka niandike, na mimi pia nataka kuandika.

Mama ametutoka jana, Jumatatu ya Pasaka, mchana, watu wakirudi kutoka kanisani. Hakuteseka sana mwishoni. Asubuhi aliomba kile kibao. Aliniuliza kama lori la Wechuli limepita. Nilimwambia Wechuli yuko kwao kwa sikukuu, atapita Jumanne. Akaandika, "Basi Jumanne." Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoandika, sijayafuta.

Barua yake ya mwisho kwako Wechuli alikuwa bado anayo. Amenipigia leo asubuhi kutoka kwao, analia, anasema alidhani haina haraka. Ataileta kwako leo akija kupakia mzigo, pamoja na hii yangu ninayomtumia kwa dereva mwenzake.

Mjomba, kaburi hatujalichimba. Wazee wamekaa chini ya turubai, hawasemi ndiyo wala hapana. Wanangoja neno la nyumbani kwa Mama, lenye sahihi. Wengine wameanza kusema apelekwe Asembo. Mama yuko chumba cha maiti na sisi hatujui tumwambie nini mwenye lori la kumbeba, aelekee wapi.

Walter


Asembo Bay,
3 Aprili 2024

Perez,

Leo Lorine ametuma bei. Nimemwambia Caren aifute kabla sijaiona.

Barua yako nimeipata jana jioni, pamoja na ya Walter, gunia moja. Nimeanza na yako. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kuipokea barua ya dada yake akiwa ameshaambiwa habari zake, na bado akaifungua haraka ili asikie yuko vipi.

Walter, soma hapa kwa sauti mbele ya wazee. Soma pole pole.

Mimi Ondiek, kaka wa Perez na mwenye boma hili baada ya baba yetu, nilikuwa mbadilisha pesa wa Busia mwaka 1987. Begi la Oketch nililihesabu mwenyewe, noti kwa noti. Kwa bei ya siku ile zilikuwa ng'ombe sita wa soko la Awasi, na mbuzi wa kuwachinjia wageni. Hazikupungua. Nilijua siku ile, nimejua siku zote. Thamani ya kitu ni ya siku kilipotolewa. Mtu akishalipa kwa bei ya leo, hakuna wa kumfuata kesho kumwambia bei imegeuka. Hiyo ndiyo sheria ya kaunta, nilimfundisha Lorine siku yake ya kwanza. Pesa zile zilipoanguka, zilianguka mikononi mwetu, hazikuanguka mikononi mwa Oketch. Dada yetu aliolewa. Oketch hakudaiwa, wala watoto wake hawadaiwi, na mtu yeyote wa Asembo atakayekuja kumdai maiti, mwonyesheni sahihi hii.

Sanduku nimelifungua asubuhi hii. Nilikuwa peke yangu, Caren tu mlangoni. Hakuna aliyekufa kwa kulifungua. Sondu wamesema watakuja Jumamosi. Msiwangoje. Na mimi msiningoje. Ninakuja kwa gari la kesho, nitakaa kiti cha shemeji, lakini nikichelewa mpakani chimbeni, mzikeni kando ya mume wake. Mtu wangu amengoja vya kutosha.

Perez, ulitaka iwe kwenye karatasi ya omena. Wechuli ameipokea hii kwa mikono miwili, ameiweka mfukoni mwa shati, haitanuka kitu. Samahani kwa hilo.

Pale nilipofyeka kando ya Mama nimepanda viazi leo asubuhi. Caren ameniuliza, si ulisema ni pa Perez? Nimemwambia Perez ana kwake, ameolewa.

Ondiek